Pakiti Iliyobaki

Hospitalini walimwita Mama Maombi, na yeye hakulikataa jina hilo. Alikuwa na jina lake la ubatizo, zuri tu, lakini tangu aanze kazi kwenye chumba cha mvuke miaka kumi na tisa iliyopita hakuna aliyelikumbuka isipokuwa karani wa mishahara. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya thieta ya upasuaji, kidogo, chenye dirisha moja la juu na joto la kukutoa jasho hata ukiwa umekaa kitako. Ndani mlikuwa na sinki, meza ya bati, rafu, na mashine ya mvuke iliyozeeka kiasi kwamba wafanyakazi waliiita Bi Mkubwa.

Kazi yake ilikuwa hii. Mikasi, koleo na visu vikitoka thieta vimejaa damu, anaviosha, anavikagua kimoja kimoja, anavifunga ndani ya vitambaa viwili vya kijani, anabandika utepe, anaviingiza ndani ya Bi Mkubwa. Utepe ule ulikuwa na mistari myeupe. Mvuke ukishafanya kazi yake sawasawa, mistari inageuka myeusi. Hapo watu wa chumba cha mvuke husema pakiti imeiva, na inaweza kwenda kwa mgonjwa. Mistari ikibaki myeupe, pakiti ni mbichi, hata ikiwa imefungwa kwa ustadi namna gani. Mtoto wa chekechea angeweza kuona tofauti.

Kabla ya kuwasha aliomba. Kiganja cha kushoto juu ya mlango wa mashine, kidole cha kulia kwenye swichi, macho yamefumbwa. Aliwaombea watu ambao hakuwajua na ambao wangekatwa kwa visu vile. Wenzake walimtania kwamba Bi Mkubwa hakuwa akitumia umeme, alikuwa akitumia Roho. Naye alicheka, na moyoni alifurahi zaidi ya ilivyofaa.

Kuomba alifundishwa na mama yake, mwanamke mkali aliyefua nguo za watu na ambaye hakuvumilia sala za juujuu. Mtoto akipiga magoti, hakuruhusiwa kuomba kitu chochote kabla hajasema alichofanya siku ile, kwa maneno yenyewe. Ukijidai kusema, "Baba, nisamehe makosa yangu," unapata kofi la kisogoni.

"Makosa gani?" mama angeuliza. "Mungu ana kazi ya kukisia? Sema: nimekula sukari, nikamsingizia mdogo wangu."

Ukisema hivyo, unaendelea. Usiposema, unabaki pale kwenye magoti mpaka useme, na chakula kinapoa. Mama alikuwa amezikwa miaka mingi, lakini ulimi wa binti yake ulikuwa umezoea njia ile moja. Kwanza ulichofanya, halafu shukrani, halafu ndipo uombe unachotaka. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hata sala ya kuombea chai alikuwa akiianza kwa kukiri kwamba asubuhi amemkaripia mume wake bure.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, aliingiza pakiti mbili ndani ya Bi Mkubwa, zote za upasuaji wa kujifungua. Akaomba, akawasha, akasikia mngurumo. Kanuni ilisema asiondoke karibu na mashine. Lakini mfagizi mmoja alikuja mbio kumwita, mwenzao ameanguka kwa kilio kule stoo ya mashuka, amepigiwa simu kuwa baba yake amefariki. Nani wa kumwombea kama si Mama Maombi? Akaenda. Aliomba vizuri sana siku ile. Watu walijaa mlangoni, wengine wakatoa machozi, na hata mfamasia, ambaye dini alikuwa akiisikia redioni tu, alivua kofia.

Umeme ulikatika akiwa anaomba. Stoo ya mashuka ina madirisha makubwa na taa zake huwa hazijawashwa mchana, kwa hiyo hakujua. Umeme ukarudi baada ya muda, lakini Bi Mkubwa ni mashine ya kizamani. Akikatizwa hajiwashi tena, anakaa kimya kama aliyemaliza. Mama Maombi aliporudi alimkuta kimya, mlango una uvuguvugu, na simu ya thieta inalia kwa fujo. Kuna mama amekwama na mtoto, wanataka pakiti sasa hivi, si baadaye. Bado alikuwa amelewa sifa za kule stoo. Akafungua, akasema "Amina" kama alivyozoea kusema kila anapotoa mzigo, akaipeleka pakiti moja mlangoni mwa thieta na nyingine akaiweka rafuni.

Utepe hakuutazama. Huko thieta nako hakuna aliyeutazama, ingawa walitakiwa. Pakiti iliyotoka mkononi mwa Mama Maombi haikukaguliwa. Watu waliacha kuzikagua miaka mingi iliyopita, na yeye alilijua hilo na alilichukua kama heshima.

Alhamisi asubuhi aliingia kazini, akaning'iniza kanga yake, akanyoosha mkono rafuni kuchukua ile pakiti iliyobaki. Mistari ilikuwa myeupe.

Aliigeuza. Akaipeleka chini ya dirisha. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mistari ikabaki vilevile. Alikumbuka mlango wenye uvuguvugu, ambao siku zote humuunguza vidole. Akatoka hadi kwa fundi wa umeme, akajifanya anauliza kwa kupita tu, kama Jumanne kulikuwa na shida yoyote.

"Ulikatika kama nusu saa hivi, saa nne," fundi alisema huku akila karanga. "Wewe si ulikuwepo, Mama?"

Aliyefanyiwa upasuaji kwa pakiti ile ya kwanza alikuwa kitanda cha tatu, wodi ya wazazi. Mama Maombi alikwenda kumtazama akiwa bado anajiambia kwamba atamkuta ameketi anakunywa uji, kwa maana watu wangapi wamepasuliwa katika mazingira mabaya zaidi wakapona? Hakuwa akinywa uji. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, midomo imekauka, shingo inang'aa jasho, amejifunika blanketi mchana na bado anatetemeka. Mtoto wake wa kiume, mzima kabisa, alikuwa mikononi mwa bibi yake. Bibi huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye tangu Jumanne alilala sakafuni chini ya kitanda cha binti yake.

"Wanasema homa hii ni ya maziwa yanaingia," bibi alisema kabla hajaulizwa. "Wamempa vidonge. Mimi nimezaa wanne, nimezika watatu, maziwa nayajua. Hii si ya maziwa."

Mama Maombi akaweka kiganja kwenye paji la uso la msichana. Joto lile lilimwambia kila kitu. Alijua pia jambo ambalo daktari hakulijua. Kama daktari angeambiwa asubuhi ile kwamba visu vilikuwa vibichi, asingehangaika na maziwa wala malaria. Angefungua kidonda, angesafisha, angetafuta dawa kali. Kila saa aliyonyamaza yeye ilikuwa inatolewa kwenye maisha ya yule msichana.

"Wewe ndiye yule Mama Maombi?" msichana aliuliza kwa sauti ndogo. "Niombee basi. Nina mtoto, sijampa hata jina."

Wodi nzima ikageuka. Wazazi wengine wakajiinua kwenye mito, muuguzi akasimamisha kitoroli chake. Na Mama Maombi akaomba.

Aliomba sala tamu kuliko zote alizowahi kuomba. Alianza moja kwa moja na sifa, akamwita Mungu kwa majina yake yote mazuri, akamkabidhi binti huyu mikononi mwa Tabibu asiyeshindwa, akafukuza homa, akaibariki kila kazi iliyofanywa na mikono ya watumishi wa hospitali hii. Aliposema hayo ya mikono alitaka kuacha, lakini maneno yalikuwa yanatiririka na hayakumngoja. Hakusema hata neno moja la alichofanya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kuruka pale mwanzo, na sala haikukwama popote. Ilipita laini kabisa, na jambo hilo lilimtisha kuliko kama angekwama.

"Amina!" wodi ikaitikia.

"Asante, Mama," msichana akasema, na akafumba macho. "Nasikia afadhali kidogo."

Alirudi chumba cha mvuke akiwa karibu kukimbia, akafunga mlango kwa komeo. Alikuwa na mume mstaafu aliyetegemea macho yake kusomewa gazeti, alikuwa mtunza kitabu cha wajumbe wa akina mama kanisani, alikuwa na miaka kumi na tisa. Yote hayo yalipita kichwani, lakini lililomuuma zaidi, na aliona haya kulitaja, lilikuwa lile jina. Wangemwitaje kuanzia kesho?

Pakiti ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa ndiyo ushahidi pekee. Ya kwanza ilishafunguliwa, utepe wake ulishatupwa na kuchomwa na takataka za Jumanne. Hii ikiingia ndani ya Bi Mkubwa sasa, baada ya dakika arobaini mistari ingekuwa myeusi tii, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua chochote. Msichana angepona kwa vidonge vyake, au asingepona, kama watu wanavyokufa kila siku kwa homa za baada ya kujifungua. Daktari angeandika jambo fulani na kutia saini.

Akaingiza pakiti. Akafunga mlango mzito, akazungusha gurudumu mpaka mwisho. Kiganja cha kushoto kikapanda chenyewe juu ya mlango. Kidole cha kulia kikakaa kwenye swichi.

Hakukusudia kuomba. Nani angeomba kwa kazi kama ile? Lakini mikono ilikuwa imekaa mahali pake, na macho yalikuwa yameshafumba kwa mazoea ya miaka, na ulimi, ule ulimi uliokuwa umetiririka vizuri kule wodini mbele za watu, hapa peke yake ukarudi kwenye njia yake.

"Baba, leo asubuhi nime..."

Akajaribu tena kwa njia nyingine.

"Baba, mponye yule binti. Nakusihi, mponye, mimi nisijulikane."

Haikwenda. Maneno yalitoka na kuanguka hapohapo kwenye sakafu ya saruji. Alijaribu kushukuru, hakuna. Alijaribu kukemea, akasikia sauti yake mwenyewe kuwa ya kijinga. Akajaribu kubonyeza swichi bila kuomba, jambo jepesi kuliko yote duniani, kidole kimoja tu. Hakuweza. Alisimama vile mpaka bega likaanza kuuma. Alimchukia mama yake wakati ule, alimchukia kabisa, kwa kumfundisha kuomba namna ile wakati watoto wa wenzake walifundishwa sala fupi za kulalia.

"Nimetoa pakiti mbichi," alisema mwishowe, kwa sauti, kwa Bi Mkubwa, kwa sinki, kwa Mungu. "Nimeshindwa kutazama utepe kwa sababu nilikuwa nafurahia kusifiwa. Leo nimemwona anavyoungua, nimeomba uongo juu ya kichwa chake. Na sasa nataka kuficha. Pakiti iko ndani humu. Nataka kuufuta ushahidi wake."

Alingoja aendelee na shukrani. Badala yake aligundua kwamba mikono ilikuwa inafungua gurudumu.

Daktari wa upasuaji alikuwa kwenye chumba chake na muuguzi wa thieta, wanapanga orodha ya siku. Alikuwa mtu mrefu mwenye haraka, aliyekula chakula cha mchana amesimama. Mama Maombi aliingia bila kubisha, akaiweka pakiti juu ya karatasi zao. Njia nzima alikuwa amepanga kusema kwa utaratibu: kwamba kulikuwa na hitilafu ya umeme, kwamba thieta ilimharakisha, kwamba mashine imechoka na barua za kuomba nyingine zimeandikwa. Yote yalikuwa kweli. Alipofungua kinywa, likatoka jingine.

"Jumanne, saa nne asubuhi, niliacha mashine peke yake," alisema. "Umeme ukakatika. Nikarudi, nikatoa pakiti bila kutazama utepe, nikaleta moja kwenu. Hii ni pacha wake. Kitanda cha tatu alipasuliwa kwa vyombo vibichi. Nimejua tangu saa mbili na nusu. Nimekwenda kumwombea nikiwa najua. Halafu nimejaribu kuichemsha hii nifiche."

Alitaja saa, alitaja kila kitu, macho chini, mikono imeshikana mbele, kama mtoto aliyepiga magoti. Alipomaliza, kwa mazoea tu, akasema, "Amina."

Muuguzi wa thieta alishika mdomo.

"Saa mbili na nusu," daktari alisema polepole. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini. "Na nyinyi utepe hamkuutazama?"

"Ilitoka kwa Mama Maombi," muuguzi akasema, na machozi yakamlengalenga. "Huwa hatuangalii za kwake."

Daktari alikuwa ameshatoka. Sauti yake ilisikika koridoni ikiita watu, damu, dawa, machela. Alirudisha kichwa mlangoni mara moja tu.

"Wewe usiguse kitu chochote," alisema. "Kaa hapo nje. Kila ulichosema utakiandika."

Alikaa kwenye benchi la mbao lililokuwa nje ya thieta. Machela ilipita mbele yake na yule msichana juu yake, macho nusu wazi, hamtambui mtu. Mlango ukafungwa. Kwenye karatasi aliyopewa aliandika mstari wa kwanza na kalamu ikakataa, au ni yeye aliyekataa, akaiweka kando. Alikuwa hana cha kujitetea na hakutafuta. Alichokuwa akihesabu ni zile saa, tangu saa mbili na nusu hadi saa tano na dakika ishirini. Angezirudisha kwa kitu gani? Hata angetoa miaka yote kumi na tisa, hakuna dirisha la malipo la kuipelekea.

Bibi akaja na mtoto, kanga imemponyoka begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alipomwona Mama Maombi aliangua kilio cha nafuu, akaketi kando yake na kumkamata mkono.

"Wamemrudisha ndani! Hawaniambii kitu! Afadhali nimekukuta wewe. Omba, dada yangu. Omba kama ulivyoomba asubuhi."

Mkono wa bibi ulikuwa mkavu na wenye nguvu. Mama Maombi aliutazama mkono ule na akatamani aruhusiwe kuushika mpaka mwisho. Kisha akamwambia. Alimwambia yote, kwa maneno yaleyale aliyomwambia daktari, kwa sababu hakuwa na mengine. Mkono ule uliachia katikati ya maelezo, wakati aliposema neno vibichi.

Bibi hakupiga kelele. Alimhamisha mtoto toka bega moja hadi jingine. Akasogea hadi mwisho wa benchi, akakaa huko.

"Ile sala," bibi alisema bila kugeuka. "Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mwanangu akasema asante."

"Ndiyo."

"Akasema anasikia afadhali."

Mama Maombi alilia, na hakujifuta, maana ilikuwa kama kujionea huruma mbele ya mtu aliyemkosea. Mtoto akaanza kulalamika kwa njaa, bibi akamtia kidole kinywani, akanyamaza.

"Mimi kuomba sijui," bibi akasema. "Nimezika watatu, kila mara wanakuja watu kama wewe wanaomba, mimi naitikia tu. Huyu ndiye aliyebaki. Siwezi kumwombea kwa sababu sijui, na wewe unayejua ni mwongo. Sasa nifanye nini? Hebu niambie, nifanye nini?"

Nyuma ya mlango kitu cha chuma kilianguka, na wote wawili wakashtuka. Bibi akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Omba tena," alisema. "Ile ya asubuhi ilikuwa mbichi, na mwanangu ameitikia amina. Omba nyingine. Na uyataje haya yote, nisikie."

Mama Maombi alishuka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye sakafu, koridoni, mbele ya wapita njia. Magoti yaliuma. Hakufumba macho.

"Baba, Jumanne saa nne niliacha mashine peke yake," alianza. "Nilikwenda kuombea watu na nikapenda walivyonitazama. Nikatoa pakiti mbichi. Leo saa mbili na nusu nikajua. Nikachelewa kusema."

"Hukuchelewa," bibi akasema toka juu. "Ulificha."

"Nilificha," Mama Maombi akasema. "Nilificha, Baba, na yule binti akiwa anaungua."

Aliendelea hadi mwisho na bibi hakumkatiza tena. Ilipofika zamu ya shukrani alitafuta akakuta jambo moja tu, kwamba mtoto alikuwa mzima, akalisema. Halafu ikafika zamu ya kuomba. Alitafuta yale majina mazuri na yale maneno ya wodini, na hakuna hata moja lililokuja. Alibaki na mdomo wazi kama mtu aliyesahau lugha.

"Asife," alisema. "Baba, asife."

Alingoja amina. Bibi hakuisema. Alikuwa ameinamia uso wa mjukuu wake, na midomo yake, ambayo siku zote iliitikia tu sala za watu wengine, ilikuwa inatikisika.

"Asife," bibi akasema.

Wakalirudia lile neno, mmoja kwenye benchi na mmoja sakafuni, bila kutazamana, hadi kitasa cha mlango wa thieta kilipoanza kuzunguka.